Maandishi ya Meroe: herufi tunazisoma zote, lugha yenyewe hatuijui

Kisiki cha Mpingo (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Humu jukwaani haipiti muda mtu hajapandisha uzi wa Voynich, kile kitabu cha Ulaya chenye michoro ya mimea isiyojulikana, na watu wanakesha. Sina ugomvi nacho. Ila tuna fumbo la hapa hapa Afrika, tena kando ya mto ambao sehemu ya maji yake inatoka Ziwa Victoria, na ugumu wake ni wa aina nyingine kabisa. Voynich hakuna anayejua hata herufi zake zinatamkwaje. Ya Meroe yanatamkika. Mtaalamu anaweza kusimama mbele ya jiwe akalisoma kwa sauti toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, halafu ukimuuliza limesema nini akakujibu sehemu tu, kwingine akanyamaza.

Waliosoma chuoni utotoni wataelewa haraka: mtoto anaweza kukusomea juzuu nzima ya Kurani bila kukosea herufi wala kuvuta pasipovutwa, na Kiarabu chenyewe hakijui. Tofauti ni kwamba yeye mwalimu yupo na tafsiri ipo. Kwa Kimeroe, mwalimu alikufa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita na hakuacha tafsiri.

Meroe iko Sudan, kama kilomita 200 kaskazini-mashariki ya Khartoum, karibu na mji wa Shendi. Ndiko kwenye zile piramidi nyembamba zenye mteremko mkali mnazoziona kwenye picha. Ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Kushi. Hawa ndio waliowahi kuishika Misri yote, nasaba ya 25, akina Piye na Taharqa. Taharqa ndiye Tirhaka, mfalme wa Kushi, anayetajwa kwenye 2 Wafalme 19.

Enzi hizo za Taharqa walikuwa wakiandika kwa Kimisri, kama ofisi zetu nyingi zinavyoandika kwa lugha ya wengine. Kufika karne ya 3 au ya 2 KK wakaamua kuandika lugha yao. Wakachukua alama za Misri, wakapunguza mamia yale yote hadi zikabaki 23 tu. Zipo kwa mitindo miwili: ya picha, kwa ajili ya mahekalu na wafalme, na ya mkato, ambayo ndiyo imeandikwa sehemu kubwa ya mawe tuliyonayo. Ya mkato inakwenda kulia kwenda kushoto, na kati ya neno na neno wanaweka vitone viwili au vitatu vilivyosimama. Yaani mpaka mipaka ya maneno wametuwekea! Wamisri hawakuwa na ustaarabu huo.

Naendelea.

---

Mama Kijacho

Nimekaa mkao wa kula. Usituache njiani kama ule uzi wa Atlantis.

---

Kisiki cha Mpingo (mleta uzi)

Aliyefungua mlango ni Mwingereza, Francis Llewellyn Griffith, kati ya 1909 na 1911. Kulikuwa na kipande cha jiwe kilichochongwa kuwa kiweko cha mashua takatifu, kutoka Wad Ban Naqa, kilichopelekwa Berlin na msafara wa Mjerumani Lepsius miaka ya 1840. Juu yake kuna majina ya mfalme Natakamani na malkia Amanitore, kwa Kimisri na kwa Kimeroe. Griffith akapata herufi kadhaa za kuanzia, kisha akazunguka nazo kwenye mawe ya makaburi ya Karanog na Shablul, kaskazini huko Nubia, akitafuta majina ya miungu na miji ambayo tayari yalijulikana kwa Kimisri au Kigiriki. Akagundua pia kwamba maandishi ya picha yalisomwa kinyume cha Kimisri: kwa Wamisri ndege na watu wanatazama mwanzo wa mstari, kwa Wameroe wanatazama unakoelekea. Baadaye Mjerumani Fritz Hintze akarekebisha upande wa irabu.

Mfumo wenyewe ni huu. Kila konsonanti imebeba "a" ndani yake. Ukitaka irabu nyingine unaongeza alama ya e, i au o. Alama ya o ndiyo inayobeba na u. Sasa tazama neno moja, k-d-k-e. Kwa kanuni hiyo tunasoma ka-da-ke. Mnalijua hilo neno?

---

Mch. wa Kando ya Mto

Kandake! Matendo ya Mitume 8, towashi wa Kushi aliyekutana na Filipo njiani akisoma Isaya. Alikuwa msimamizi wa hazina ya Kandake malkia wa Kushi. Nimelihubiri hilo mara nyingi, sikujua kwamba lipo kwenye mawe.

---

Kisiki cha Mpingo (mleta uzi)

Ndilo, Mchungaji. Na si jina la mtu, ni cheo. Angalia pia kilichokosekana: ile "n" haikuandikwa. Waandishi wa Meroe walikuwa wakiiacha n inayotangulia konsonanti. Sisi tunajua ilikuwepo kwa sababu Wagiriki waliliandika neno hilo kwa namna walivyolisikia. Kwa hiyo hata pale tunaposema "tunasoma", kuna sauti zinatupita.

Sasa tatizo. Jiwe la Rosetta, lile lililomsaidia Champollion kuifungua Misri, lilikuwa na tamko moja refu kwa Kigiriki na Kimisri. Ukishajua Kigiriki, una maana ya kila mstari mkononi. Kiweko cha Wad Ban Naqa kina majina tu. Jina linakupa sauti, halikupi kitenzi. Hakuna mpaka leo maandishi marefu ya Kimeroe yenye tafsiri yake pembeni. Kuna sehemu inatia uchungu: kisiwani Philae, mpakani mwa Misri, wajumbe wa Meroe waliacha maandishi ukutani, mengine kwa Kimeroe, mengine kwa Kidemotiki, yaani Kimisri cha mwandiko wa mkato, ambacho tunakisoma vizuri tu. Watu walewale, jengo lilelile. Na hakuna aliyefikiria kuandika jambo moja mara mbili.

---

Nyundo Baridi

Mkuu, hapa nakukatisha. Unasema hawaelewi, lakini kila makala inataja "mungu simba Apedemak", "malkia fulani alipigana na Warumi". Hayo wanayatoa wapi kama lugha haieleweki? Isije ikawa chai.

---

Kisiki cha Mpingo (mleta uzi)

Swali la haki. Vita na Warumi tumesimuliwa na Strabo, Mgiriki, si na Wameroe. Kama mwaka 25 KK Wakushi walishuka wakavamia Syene (Aswan ya leo), Elephantine na Philae, wakabeba sanamu za Kaisari Augusto. Gavana wa Kirumi wa Misri, Petronius, akapanda na jeshi mpaka Napata, mji wa Kushi, akaibomoa. Strabo anasema Kandake alikuwa mwanamke shupavu mwenye chongo. Mwisho wakapatana, mwaka 21 au 20 KK, wajumbe wa Kushi wakamfuata Augusto kisiwani Samos, naye akawasamehe kodi waliyokuwa wametozwa.

Ushahidi wa upande wa Kushi upo, ila ni wa kimyakimya. Desemba 1910 John Garstang akichimba Meroe alikuta kichwa cha shaba cha Augusto, macho yake ya kioo na mawe yakiwa mazima, kimefukiwa chini ya ngazi za mlango wa hekalu. Kila aliyeingia alikuwa anamkanyaga Kaisari. Miaka michache baadaye, 1914, huyohuyo Garstang akapata Hamadab, kusini kidogo ya Meroe, bamba kubwa la jiwe lenye mistari zaidi ya 40 ya mkato. Majina yanasomeka bila shida: Amanirenas, qore (mtawala) na kandake, Akinidad, mwana wa mfalme. Ni watu wa wakati uleule wa vita. Hapo chini ya picha za wafalme kuna mateka waliofungwa.

Jiwe hilo lipo British Museum, na kichwa cha Augusto kipo humohumo. Yaani tuna simulizi la mshindani mmoja kwa Kigiriki, na huenda simulizi la mshindani wa pili limesimama pale jumbani, limeandikwa vizuri, herufi zote zinasomeka, na hatujui linasema nini! Kuna neno ndani yake linalosomwa Arome, wengine wakasema ni Roma hiyo. Wengine hawakubali. Mimi nashawishika na Roma, lakini neno moja ndani ya mistari 40 haliwezi kukupa historia ya vita.

---

Nyundo Baridi

Sawa, hapo nimekupata. Kwa hiyo kinachoeleweka ni nini hasa?

---

Kisiki cha Mpingo (mleta uzi)

Makaburi. Hapo ndipo Kimeroe kinapotupa nafasi, kwa sababu watu wakizika husema yaleyale.

Chukua meza ya sadaka. Ni jiwe la mraba, bapa, lenye mdomo mdogo upande mmoja wa kutolea maji. Katikati wamechonga mungu Anubis na mungu wa kike wakimimina maji, mara nyingi na mikate pembeni. Maandishi yanazunguka ukingoni, ukifika kona unaligeuza jiwe. Yanaanza na Wos na Sori, yaani miungu Isis na Osiris, wakiitwa waje. Linafuata jina la marehemu. Halafu neno tedhe likiwa na jina la mwanamke, aliyemzaa, kisha terike na jina la mwanamume. Mama kwa kawaida anatangulia. Vinafuata vyeo: pelmos ni jemadari, peseto ni liwali wa kaskazini, ant ni kuhani, vyote vimetoholewa kutoka Kimisri ndiyo maana tumevijua. Kisha wanakuja ndugu wa marehemu wenye vyeo, kwa neno yetmde, ambalo linaelekea kuwa mpwa au ndugu wa upande wa mama. Sifa zote hizo kaburini, "huyu alikuwa mpwa wa jemadari fulani"! Tabia haijaisha.

Mwisho ni dua. Ato mhe, at mhe. Ato ni maji, at ni mkate, mhe ni tele. Wanaomba miungu wamnyweshe marehemu maji tele na wamlishe mkate tele. Maana hizo hazikutoka ndotoni: neno linarudi makaburi mamia, sehemu ileile, na picha ya maji na mikate ipo mbele ya macho yako. Ndivyo wanavyofanya kazi. Wanalinganisha na kupima kila neno na pale lilipokaa, polepole sana.

Lakini ukitoka kaburini ukaingia kwenye jiwe la mfalme kama la Hamadab, dua hazipo na picha hazikusaidii. Vitenzi vinaanza kumiminika na kila mtu anashika kichwa.

---

Nyar Ziwa

Nawasalimu kutoka Kisumu. Niliona video ikisema Kimeroe ni Kijaluo cha kale, kwamba sisi tulitoka huko tukafuata Nile. Kuna ukweli?

---

Kisiki cha Mpingo (mleta uzi)

Karibu dada. Ukweli kidogo upo, ila video imeutia chumvi mpaka hauliki.

Mwanaisimu Greenberg aliwahi kuweka lugha za Kinailoti (Kijaluo, Kidinka, Kikalenjin, Kimasai, na Kimang'ati cha kwetu) na lugha za Kinubi kwenye ukoo mmoja mkubwa, Sudaniki ya Mashariki. Mfaransa Claude Rilly, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyefanya kazi nzito kuliko wote kizazi hiki, ametetea kwamba Kimeroe kimo kwenye tawi la kaskazini la ukoo huo: pamoja na Kinubi, Kinara cha Eritrea, lugha za Tama huko mpakani mwa Chad na Sudan, na Kinyima cha Milima ya Nuba. Nyinyi na Wamasai mko tawi jingine. Kwa hiyo ikiwa yote hayo ni sahihi, Kijaluo na Kimeroe ni binamu waliotengana maelfu ya miaka kabla ya piramidi ya kwanza ya Meroe kujengwa. Binamu wa mbali hivyo hakufasirii barua.

Mfano wa ushahidi wa Rilly: mbwa kwa Kimeroe ni wle, na kwa Kinubi cha Dongola ni wel. Neno moja linaweza kuwa bahati, ndiyo maana kwanza alijenga upya lugha mama ya hao jamaa wanne, akapata kanuni za sauti, kisha ndipo akakileta Kimeroe mezani. Wapo wasiokubali. Kirsty Rowan wa London alitetea kwamba muundo wa sauti unafanana zaidi na lugha za ukoo wa Kiafro-Asia, kina Kimisri na Kikushi cha wanaisimu (yaani kina Kisomali, si lugha ya ufalme wa Kushi). Mimi niko na Rilly.

Kipimo changu cha hizi video: muulize mwenye video akutafsirie mistari mitano ya Hamadab kwa lugha yake, kisha umpe jiwe jingine atumie kamusi ileile bila kubadilisha maana ya neno hata moja. Wote huishia hapo.

---

Dogo wa Kodi

Si wapewe akili mnemba tu wakuu? Siku hizi inatafsiri kila kitu. Wiki moja kazi imeisha.

---

Kisiki cha Mpingo (mleta uzi)

Dogo, hizo mashine hutafsiri kwa sababu zimelishwa bahari ya maandishi. Kimeroe kina kama maandishi 2,000, mengi mafupi, mengi yamevunjika, na sehemu kubwa ni zile dua za maji na mkate. Na kompyuta si ngeni kwenye kazi hii. Wataalamu wa Paris wa kundi la Jean Leclant walianza zamani kuyakusanya na kuyapa namba yote ili yachambuliwe kwa mashine. Mashine itakuambia neno hili hukaa karibu na lile. Hilo tayari tunalijua. Maana inatoka nje ya maandishi: kwenye picha, kwenye lugha ndugu, au kwenye tafsiri.

Hata kule Krete ni hivyohivyo. Mwaka 1952 Michael Ventris alifungua Linear B, maandishi ya kale ya huko, kwa sababu ndani yake alikikuta Kigiriki, lugha inayojulikana. Linear A, dada yake mkubwa, sauti nyingi zinakisiwa kutoka hapohapo, na bado imefunga kwa sababu lugha iliyomo haina ndugu anayejulikana.

Ninachosubiri mimi ni jembe. Sedeinga, kaskazini mwa Sudan, timu ya Wafaransa imechimbua makaburi na kupata mawe mapya, likiwemo la mama mkubwa mmoja, Maliwarase, lililotangazwa 2018, ambaye jiwe linamtaja kuwa dada wa makuhani wakuu wawili wa mungu Amun. Qasr Ibrim, kilima kilichobaki kama kisiwa baada ya Bwawa la Aswan kuizamisha Nubia, ukavu wake ulihifadhi hata mafunjo yenye Kimeroe. Tafsiri moja ya mistari kumi ikitokea sehemu kama hizo, kazi ya miaka 100 itasogea ndani ya mwaka.

---

Ami wa Omdurman

Nilisoma Khartoum, nimerudi kabla ya vita. Makumbusho ya Taifa pale karibu na Nile nilikuwa naingia mara kwa mara. Bustanini kulikuwa na mahekalu mazima, Buhen na Semna, yaliyohamishwa jiwe kwa jiwe kukwepa maji ya Aswan. Ndani kulikuwa na hizo meza za sadaka unazosema, watu wanapita tu wanakimbilia dhahabu. Tangu Aprili 2023 vita vilipoanza, jengo limeporwa vibaya. Unaposema unasubiri jembe, ujue hata tulivyokuwa navyo havina hakika.

---

Kisiki cha Mpingo (mleta uzi)

Shukran Ami. Hilo ndilo linaloniuma. Uporaji wa Meroe haukuanza leo pia: 1834 Muitalia Giuseppe Ferlini alibomoa piramidi akitafuta dhahabu, akaipata kwenye ya malkia Amanishakheto, na vito hivyo sasa viko Munich na Berlin. Lakini angalau dhahabu inauzika, kwa hiyo itaonekana sokoni. Kibamba cha jiwe la mchanga chenye mistari sita kikivunjwa, nani atakitafuta? Na huenda ndicho kilichokuwa na tafsiri.

---

Mama Kijacho

Lugha ilikufaje sasa? Watu wote waliondoka?

---

Kisiki cha Mpingo (mleta uzi)

Watu hawakuondoka. Ufalme ulisambaratika karne ya 4 BK, wakati ambao Ezana, mfalme wa Aksum (Ethiopia ya leo), naye anajisifu kwenye mawe yake kwamba alipiga huko. Wanubi wakashika nchi, Ukristo ukaja, na Kinubi kikaanza kuandikwa kwa herufi za Kigiriki na Kikopti. Ila kulikuwa na sauti tatu ambazo herufi hizo hazina, mojawapo ile ng' yetu. Wakachukua alama tatu za Kimeroe wakazitia humo. Kwa hiyo vitabu vya kanisa vya Nubia vya zama za kati vina herufi tatu za Meroe ndani yake.

---

Baraka wa Mbagala

Mkuu, uzi mtamu. Nina ombi dogo: niandikie jina langu kwa Kimeroe niweke kwenye fulana.

---

Kisiki cha Mpingo (mleta uzi)

Haha, wewe una bahati. B, r, k. Herufi tatu tu, maana kila moja imebeba a yake, na unaanzia kulia. Mama mwenye jina la Amina naye yuko vizuri: a, m, i, n. Neema ana alama maalumu ya ne, kisha m, ingawa atapoteza ule mvuto wa ee. Tatizo lako ni moja, atakayeisoma fulana anaweza kukuita Baranka, kwa sababu n iliyo mbele ya konsonanti hawaiandiki.

---

Juma Kinyozi

Na mimi?

---

Kisiki cha Mpingo (mleta uzi)

Juma, pole. Hawana j.